Hadithi ya mama wa kambo asiye mkatili

Mama Nuru, Tanga:
Wapendwa, mwezi ujao naolewa na mwanamume mwenye binti wa miaka minane. Marehemu mama yake alikuwa akimsomea kila usiku, na ningependa kuendeleza. Ila kila kitabu ninachofungua, mama wa kambo anamnyima mtoto chakula au anamtuma kisimani gizani. Nifanyeje?

Mwalimu Shaa:
Hongera, dada. Ubaya huo mwingine ulipachikwa tu. Ndugu wa Grimm, Wajerumani, walipochapa hadithi ya Snow White mwaka 1812, mwovu alikuwa mama mzazi. Katika toleo la 1819 wakamfanya wa kambo. Tafuta hadithi ambayo mtoto anaruhusiwa kununa, na mama mpya hajifanyi kuwa yule mama marehemu.

Bi Zuhura:
Mwanangu, usiwe na haraka ya kusoma. Mwache yeye akusimulie zile alizosomewa, hata mara kumi. Akikuita anti, itika.

Mama Nuru:
Shikamoo, bibi. Kweli ananiita anti. Ana kitabu cha sungura, jalada limechanika, hakiachi. Nitamwomba anisimulie hicho, akikataa, nitasubiri.