Kuliandaa gari kwa safari ya theluji, kutoka München hadi Kühtai

Mkazi wa München ameuliza:

Salaamu kwenu nyote. Mwezi Februari, watoto watakapokuwa likizo, familia yetu imepanga kwenda siku tano kujifunza kuteleza kwenye theluji huko Kühtai, juu ya Innsbruck, nchini Austria. Gari letu ni la dizeli, lina umri wa miaka tisa, tulilinunua kwa mtu majira ya joto yaliyopita, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi yake yameandikwa M+S, yaani matope na theluji, na aliyetuuzia alituhakikishia kwamba kwa gari la namna hiyo hatuhitaji maandalizi mengine. Nimeendesha miaka mingi kati ya Mbeya na Dar es Salaam, lakini sijawahi kupanda mlima wenye barafu, na nitakuwa nimewabeba wanangu watatu. Naomba mnielekeze nianzie wapi.

Fundi wa Tirol amejibu:

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza mapema, kwa sababu uliyoambiwa si kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, maandishi ya M+S peke yake hayatambuliwi tena Ujerumani kuwa alama ya tairi la majira ya baridi. Ubavuni lazima pawe na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Ukikuta 2316, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo huwa umeshakakamaa hata kama kwa macho unaonekana mzima. Kisha chukua sarafu ya euro 2, uisimamishe ndani ya mfereji wa tairi: ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa milimita 4, na ukiona hata sehemu yake imetokeza juu ya mpira, tairi hilo halifai kwa safari yako, kwa kuwa Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 15 Aprili, inataka kina kisichopungua kipimo hicho barabara inapokuwa na theluji au barafu.

Kuvuta kwa magurudumu manne kutakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama ni jambo lingine, maana unapokanyaga breki kila gari hutumia magurudumu yake yote manne, na kinacholishika barabarani ni mpira tu. Magari ya aina yako tunayoyatoa mtaroni kila msimu si machache.

Kwa kuwa ni la dizeli, angalia mafuta yaliyomo. Dizeli ya majira ya joto ikipigwa na baridi kali hutoa chembechembe za nta zinazoziba filta, na injini huzimika njiani au hukataa kuwaka asubuhi. Katikati ya Novemba vituo vya Ujerumani huwa vimeanza kuuza dizeli ya majira ya baridi, hivyo kama tangi lako limejaa mafuta ya zamani, yatumie mjini kwanza, kisha ujaze upya kabla ya kuondoka. Betri ipimwe, na kama ni ile ya tangu gari likiwa jipya, ibadilishe bila kusita. Maji ya rejeta yawe yamechanganywa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda, na kwenye tangi la waipa usiache maji ya bomba, kwa sababu yatagandia kwenye kioo wakati ule ule unapohitaji kuona.

Mama Watatu amejibu:

Kaka, fundi amesema yote ya injini, nami naongeza la minyororo, kwa sababu lilituumiza. Tulifika jioni kwenye kibao cha duara cha buluu chenye picha ya tairi lililofungwa mnyororo, maana yake huruhusiwi kuendelea bila kuifunga, na yetu ilikuwa bado kwenye boksi kama ilivyotoka dukani. Mume wangu alipiga magoti kwenye theluji, karatasi ya maelekezo ikalowa mkononi, vidole vikafa ganzi, na tulipojaribu kuifunga tukagundua kwamba duka lilitupatia saizi ya tairi jingine. Tuligeuza gari huku watoto wakilia kwa baridi. Tafadhali linganisha namba iliyo ubavuni mwa tairi lako, kwa mfano 205/55 R16, na ile iliyo kwenye boksi, kisha uifunge na kuifungua nyumbani mara mbili, mahali pakavu. Weka garini glavu za mpira, tochi ya kuvaa kichwani na kipande cha zulia la kupigia magoti. Soma kitabu cha gari ujue inafungwa magurudumu ya mbele au ya nyuma, na ukishaifunga usizidishe kilomita 50 kwa saa.

Jambo jingine ni makoti ya watoto. Usiwafunge mikanda wakiwa wamevaa makoti mazito ya theluji, kwani mkanda unaonekana umebana ilhali kati yake na mwili kuna nafasi, na gari likigonga mtoto anaweza kuchomoka. Wavue makoti, uwafunge mikanda, kisha uwafunike blanketi.

Dereva wa Rosenheim amejibu:

Ramani ya simu huenda ikakupitisha Garmisch na kukushusha Zirl. Mteremko ule ni mkali kiasi kwamba umewekewa njia za dharura za magari yaliyokatikiwa breki, kwa hiyo pita barabara kuu ya Kufstein, ukinunua kibali cha barabara kuu za Austria kabla, kisha upande kutoka Kematen kupitia Sellrain. Kühtai iko mita 2,020 juu ya usawa wa bahari, na Innsbruck iko chini ya mita 600, hivyo unaweza kuacha mvua bondeni ukakuta barafu juu. Wakati wa kushuka, fanya ulivyozoea kwenye mteremko wa Kitonga, katika ile njia yako ya Mbeya na Dar es Salaam: punguza gia kabla ya mteremko, uiache injini ikushike, na breki uiguse kidogo kidogo.

Mkazi wa München ameandika tena:

Ahsanteni sana. Nimepima kwa sarafu leo asubuhi: ukingo wa fedha unaonekana, na tairi moja ni la mwaka 2015. Nimeshaagiza manne mapya yenye alama ya mlima. Je, usiku nikiegesha nje, nivute breki ya mkono?

Fundi wa Tirol amejibu:

Kama ni ya waya, usiivute, maana waya uliolowa unaweza kugandia ndani. Egesha mahali tambarare, uliache gari kwenye gia ya kwanza, au kwenye P kama ni la otomatiki, na uweke kigingi nyuma ya gurudumu.