486 ya babu: feni yazunguka lakini skrini nyeusi tii, nianzie wapi?

kijana_wa_kuze

Salaam aleikum jamani. Nna desktop ya zamani ya marehemu babu, 486 ya boksi la kulala, imekaa chumba cha juu hapa Mji wa Kale miaka na miaka, na ndani yake mna mashairi yake yote alokuwa akiyachapa kwa WordPerfect 5.1. Karatasi zishaliwa na mchwa kwa hivyo nakala ni hiyo tu ilobaki kwenye hadidiski.

Mwanzo nilipoiwasha ilikuja vizuri, ikahesabu memori, ikaandika "CMOS battery state low" halafu ikadai haioni diski yoyote. Nikaizima. Kesho yake ikaja na "Keyboard error" na kibodi ni ile ile, taa zake tatu zawaka mara moja zazima, sioni kasoro. Sasa ndo haileti kitu kabisa, feni yazunguka, taa ya mbele yawaka, skrini nyeusi tii, haipigi hata bipu. Nimefungua kava nikaona karibu na tundu la kibodi kuna betri ya mviringo ya buluu imetoa unga wa kijani, na njia za shaba za pembeni yake zimekuwa nyeusi.

Fundi mmoja mjini aniambia nitupe, atanipa ya kisasa kwa bei poa. Mimi sitaki ya kisasa nataka mashairi. Je naweza kuchomoa tu hiyo diski nikaitia kwa laptop na ile adapta ya USB?

fundi_makupa

Waaleikum salaam. Kwanza USIIWASHE TENA, chomoa waya ukutani kabisa.

Hiyo ya buluu ni nikeli-kadimiamu ya volti 3.6, ilikuwa ikichajiwa na madabodi yenyewe, na zote za umri huo mwisho wake ni kutema. Inachotema ni alkali na yatambaa chini ya rangi ya kijani ya bodi yala shaba polepole hata mashine ikiwa imezimwa, na kwa unyevu wa huku kwetu pwani ndo yapata raha zaidi. Sasa angalia mpangilio wa dalili zako maana hazikuja ovyo. Betri imekufa, BIOS (programu ya bodi inayoiamsha mashine) ikasahau kila kitu, ndo maana haikuona diski, diski yenyewe huenda haina neno. Halafu kibodi ikaleta shida kwa sababu chipu ya kibodi iko hapo hapo jirani na betri. Halafu ikazima kabisa. Wengi wakifika hapa wasema prosesa imeungua, lakini kwenye mashine za aina hii chipu ya kibodi haifanyi kazi ya kibodi peke yake, ndiyo iloshika waya wa kuirisetisha prosesa na lile lango la A20 (waya wa kufungulia memori ya juu ya MB 1), mpango wa tangu IBM PC/AT ya 1984. Uchafu ukiunganisha miguu yake miwili, prosesa yakaa imeshikwa kwenye riseti milele. Feni itazunguka mpaka kesho na skrini haiji.

Kata hiyo betri kwa plaiz, usiing'oe kwa nguvu ukaja na shaba. Halafu siki nyeupe ya dukani na mswaki, sugua taratibu, utaona mapovu. Usitie magadi wala baking soda, hizo ni za asidi ya betri ya gari, hapa ni alkali kwa alkali waongeza tu balaa. Ndimu yafaa kwa dharura lakini yaacha unatanata. Ukimaliza siki suuza na maji yalosafishwa halafu spiriti ya asilimia 99, mswaki tena, uiache ikauke ndani mbele ya feni. Barazani usianike, upepo wa baharini una chumvi yake.

mzee_wa_flopi

Fundi amesema kweli lakini mimi ningeanza na pawasaplai kabla ya yote. Kijana, mashine ilitoka wapi? Kama ililetwa kutoka Marekani tazama nyuma kuna swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukatia stima yetu ya 240 yalipuka, kwa sababu upande wa 115 saketi yazidisha volti mara mbili, na zile kapasita kubwa mbili za volti 200 kila moja yajikuta na zaidi ya 300. Nimeona hilo mara kadhaa, mlio wake watoa watu msikitini.

Jambo jingine ambalo vijana hamlijui, mashine hizi za mpango wa AT swichi yake ya mbele si kama za siku hizi za kugusa tu. Stima ya ukutani yenyewe yapita kwa waya mnene mpaka pale kwenye kidole chako. Ukifungua kava na waya uko ukutani usiguse vile vichwa vinne vya swichi hata kama mashine imezimwa. Na ndani ya boksi la pawasaplai usiingie kama hujazoea, kapasita zaweza kushika volti 300 na ushei baada ya kuchomoa.

Ukichomoa vile viunganishi viwili virefu vya pawasaplai, P8 na P9, ukivirudisha nyaya nyeusi zikutane katikati. Nyeusi kwa nyeusi. Ukivipishana bodi yafa papo hapo na hapo hata siki haitakusaidia.

bampu_ts

tupa bro 😂 saa hii 486 ya nini, uza hiyo dhahabu ya prosesa

fundi_makupa

@bampu_ts hiyo dhahabu hata nauli ya matatu ya Kisauni haifiki ukishalipa kemikali. Wacha mwenzio.

dada_wa_data

Kaka mimi nazungumzia diski maana ndo ulotuulizia na bado hujajibiwa.

Jibu ni hapana, usiitie kwa adapta ya USB. Si kwamba itaungua, lakini hutaona kitu na utadhani imekufa ukaitupa, na hilo limewapata wengi. Hizo adapta nyingi zaongea na diski kwa LBA tu, yaani sekta zote zahesabiwa kwa namba moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Diski za miaka ya mwanzo ya tisini kuna ambazo hazijui habari hiyo, zajua silinda, kichwa na sekta basi. Unachotaka ni kompyuta yenye tundu la IDE (lile la mkanda mpana wa diski za zamani) kwenye bodi yenyewe, Pentium 3 au 4 yoyote, zile za maofisini zilizotupwa, huko Mwembe Tayari hukosi mtu alonayo moja chini ya meza.

Ukiipata washa kwa CD ya Linux, usiwashe Windows kabisa, Windows ina tabia ya kuandika vitu vyake kwenye kila diski iionayo. Diski ya babu itie peke yake kwenye mkanda wake, jampa kwenye master. Halafu toa imeji nzima, yaani nakala ya diski yote sekta kwa sekta, kwa ddrescue (programu ya Linux ya kuokoa diski), usianze kufungua faili moja moja kwa hamu. ddrescue yapita kwanza sehemu nzima kwa haraka, sehemu mbovu yaziruka na kuzirudia baadaye, kwa hivyo diski ikifa katikati utakuwa ushapata nyingi. Imeji ikishakuwa salama kwenye flashi ndo ucheze nayo utakavyo, ile diski hutaigusa tena. Faili za WordPerfect 5.1 LibreOffice yazifungua bila maneno mengi.

Hebu soma lebo juu ya diski utuandikie nambari zake.

kijana_wa_kuze

Shukran nyote, wallahi sikutarajia. @mzee_wa_flopi swichi iko 230, babu aliinunua hapa hapa kutoka ofisi moja ya klirensi bandarini walipobadilisha mashine. @dada_wa_data lebo yasema Cyl 1024, Heads 12, Sectors 34.

Bodi nishaitoa na kuisugua siki, kweli yatoa mapovu, kijani chote kimetoka. Lakini chini yake njia mbili za shaba zimekatika kabisa, na ya tatu sina uhakika, rangi imebabuka.

dada_wa_data

1024 mara 12 mara 34 mara baiti 512 yatoa kama baiti milioni 214. Basi ni diski ya MB 214, ndogo sana, imeji yake haichukui muda. Ziandike nambari hizo mahali, ndizo BIOS ilizozisahau betri ilipokufa. 486 nyingi hazitafuti diski zenyewe, waingia setup (menyu ya BIOS) wachagua aina ya 47 wazitia kwa mkono. Ukikosea vichwa au sekta kule, DOS yaweza kusoma takataka na, mbaya zaidi, kuandika. Ndo maana nasema imeji kwanza.

fundi_makupa

Njia zilokatika si mwisho wa dunia. Chukua mita ya stima uitie kwenye mlio, ncha moja kwenye mguu wa chipu ya kibodi, ya pili upande wa pili njia inakofika, fuata kwa macho na tochi. Ile ya tatu usiiamini kwa macho, inaweza kuwa imeliwa chini ya rangi na ikaonekana nzima, ipime huku ukibonyeza bodi kidogo. Ilokatika unga juu yake waya mwembamba, nyuzi moja ya waya wa simu yatosha, au ule waya wa shaba wenye vanishi unaotoka kwenye koili za redio. Kwanza kwangua mpaka shaba ing'ae, kwa sababu shaba nyeusi haishiki risasi hata upige solda mpaka alfajiri, utaona yajikunja tone na kuviringika. Fluksi, ile dawa ya kushikisha solda, usiihurumie.

Halafu pima tundu la kibodi lenyewe, lile la pini tano. Pini ya 4 ni graundi na ya 5 lazima iwe na volti 5 mashine ikiwa imewashwa. Zikikosekana kuna kifyuzi kidogo karibu yake kimekatika, wengi wanabadilisha chipu bure na shida ni fyuzi.

Kabla ya kuwasha toa kadi zote za ISA (zile za kuchomeka kwenye slotu ndefu za bodi) ubakishe ya skrini tu, na itie slotu ya mbali na betri ilipokuwa. Memori nazo, kama ni zile fupi za pini 30 zafanya kazi nne kwa nne, ukitoa moja umetoa zote. Sugua pini zake kwa raba ya penseli. Spika hakikisha imechomekwa ndo usikie. Kama BIOS ni ya kampuni ya AMI, bipu tatu shida ni memori, nane shida ni kadi ya skrini. Hata bipu ni habari njema, maana yake prosesa imeamka.

mzee_wa_flopi

Na stima ya hapa ikipotea ile ya kurudi kwa kishindo ndo yaua pawasaplai kuukuu. Ikipotea tu zima ukutani ungoje itulie.

kijana_wa_kuze

Jamani IMEWAKA. Ile njia ya tatu ndiyo ilokuwa mbovu, mita haikulia mpaka nibonyeze. Nimeunga zote, kuwasha ikapiga bipu nane, nikabonyeza kadi ya skrini ikakaa vizuri, memori ikahesabu na kibodi yaandika. Diski sikuitia, nimemsikiliza dada. Jirani ana Pentium 4 ya iliyokuwa saiba yake (duka la intaneti), tumetoa imeji huko. Sekta chache mno zilikataa na zote ziko mwishoni ambako hakuna faili. Mashairi yote yamefunguka LibreOffice. Mistari imeharibika mpangilio kidogo, alikuwa akiweka vina kwa kubonyeza spesi spesi badala ya tabo, lakini maneno yako yote mpaka yale alomwandikia nyanya ambayo hatukuwa tukiyajua.

Swali la mwisho, betri nirudishe gani? Nataka mashine ibaki ikifanya kazi.

fundi_makupa

Alhamdulillahi. Usirudishe ya aina ile ile, itatema tena. Tazama karibu na ilipokuwa, nyingi zina pini nne za betri ya nje na jampa yake, manuali au maandishi kwenye bodi yatakuonyesha chanya ni ipi. Nunua kibati cha betri tatu za AA, kifunge mbali kabisa na bodi kwa waya mrefu. Kama hakuna pini hizo na wataka kutia CR2032 mahali pa zamani basi lazima daiodi (kipande kinachopitisha stima upande mmoja tu) katikati, kwa sababu bodi itajaribu kuichaji na hiyo haichajiwi.

dada_wa_data

Hongera sana kaka. Imeji iweke sehemu mbili, moja nje ya nyumba. Na mashairi yasevu pia kwa maandishi matupu, yafunguke popote.

bampu_ts

haya nimekubali 😅 kwani memori za pini 30 uko nazo ngapi? kama kuna nne za ziada nitumie ujumbe, nna 386 hapa Bombolulu yanitesa

kijana_wa_kuze

@bampu_ts si ulisema nitupe? Zipo nane, mashine yatumia zote. Lakini jirani ana kopo zima la memori hizo kule saiba, njoo Jumamosi baada ya adhuhuri, uje na raba yako.