Wenye mayastenia gravis tupeane uzoefu wa dawa

Kimara: Habarini wapendwa. Mi nina mayastenia gravis, ule ugonjwa kingamwili zako mwenyewe zinaharibu pale mshipa wa fahamu unapokabidhi ujumbe kwa misuli, asubuhi uko fiti, jioni kope zimeanguka unaona mwendokasi mbili na imekuja moja (hiyo moja yenyewe bahati). Nimeanzishiwa piridostigmini za 60 mg, vile vidonge vya kusaidia ujumbe ufike kwenye misuli. Nyie zinawapelekaje?

Mbagala: Zinataka saa hizo. Nusu saa hivi naanza kuinuka, masaa matatu manne imeisha. Mi nameza kabla ya kula nasubiri kidogo, ugali natafuna mpaka mwisho, zamani taya lilikuwa linachoka sahani iko nusu watu wanasema naringa. Ubaya wake tumbo kukoroga na mate kujaa.

Tabata: Kwetu ni mama mkwe, hizo peke yake hazikutosha akaongezewa prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza kinga. Mwanzoni akalegea zaidi tukataka kuisusa, daktari akasema hutokea ndo maana wanaanza na dozi ndogo. Na msiikate ghafla jamani! Azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, kaanza ila hiyo ni miezi na miezi ndo uione kazi yake.

Mwananyamala: Mbona hamsemi la antibayotiki?? Duka la dawa la mtaani walinipa sipro ya UTI, kesho yake shingo haibebi kichwa, naongelea puani, pumzi inakata, nikaishia ICU. Sipro, azithromaisini, sindano za jenta, kwinini, dripu ya magnesiamu, zote zinaweza kutulegeza, kwa hiyo kabla hujameza chochote sema una MG (mayastenia gravis) hata kama muuzaji anakuona msumbufu. Mi nina karatasi ya majina nimeiweka nyuma ya kava la simu.

Kimara: Duh. Na tezi ya thaimasi, ile ya kinga iliyoko kifuani, je, wameniambia itolewe

Mbagala: Mi nilitolewa, nashukuru, ila usitegemee kuacha dawa wiki inayofuata, mwenzio ilipita zaidi ya mwaka ndo wakaanza kunipunguzia. Mtaalamu wa usingizi aambiwe mapema, zile dawa zao za kulegeza misuli kwetu ni kesi nyingine.

Mwananyamala: Na ukishindwa kumeza mate, au ukihesabu kwa pumzi moja hata ishirini hufiki, usisubiri kukuche, tafuta usafiri uende hospitali kubwa.

Kimara: Sawa dada. Hiyo karatasi ipige picha utuwekee hapa.