Wiski changa zenye moshi na pipa la sheri: Wee Beastie, Sanaig au Laphroaig Sherry Oak?

Nahodha_TMK

Wakuu habari za jioni, naomba msaada kwa wale wanaokunywa wiski ya Scotland kavu au na tone la maji, siyo ya kuchanganya na soda. Mimi kama wengi hapa mjini nilianzia Black Label, nikahamia Double Black, halafu kuna jamaa akanionjesha Talisker 10 na hapo ndipo mambo yakabadilika, ule moshi, chumvichumvi kwa mbali, na pilipili inayobaki kooni, nikasema basi njia yangu ni hii. Sasa shemeji yangu anaishi Glasgow, anakuja likizo mwezi ujao na amesema nimtajie chupa mbili aniletee.

Nimekuwa nikisoma habari za wiski za kisiwa cha Islay ambazo zina moshi mkali na zimelala kwenye mapipa yaliyokuwa na mvinyo wa sheri, na naona nyingi ni changa, miaka mitano hivi au umri haujaandikwa kabisa. Mpaka sasa nimebaki na Ardbeg Wee Beastie, Kilchoman Sanaig, Laphroaig 10 Sherry Oak na Bunnahabhain Toiteach A Dhà.

Swali langu, moshi na sheri kweli vinaelewana au kimoja kinameza kingine? Na huu uchanga una faida yoyote au ni viwanda vinaharakisha hela halafu utamu wa sheri unafunika ubichi? Baba mkubwa wangu anashikilia kwamba chini ya miaka 12 hakuna wiski hapo. Nataka nisikie kwa waliozionja jamani.

Binti_wa_Leith

Nahodha, mfikishie baba mkubwa shikamoo yangu, ila kwenye hili namkatalia. Sheria ya wiski ya Scotland ya mwaka 2009 inataka kinywaji kikae si chini ya miaka 3, ndani ya Scotland, kwenye pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na kwenye chupa kisishuke chini ya asilimia 40 ya kilevi. Hiyo 12 ni mazoea ya soko tu, haina cha ziada. Na umri ukiandikwa kwenye chupa ni wa ile wiski changa kuliko zote zilizomo humo ndani, kwa hiyo zingine zinaweza kuwa zimezidi hapo.

Kwenye wiski za moshi, uchanga una maana yake kabisa. Ule moshi unatoka kwenye mboji, udongo mweusi wa kinamasi wanaoukata kwa vipande, wakauanika, halafu wakauchoma chini ya shayiri iliyochipua ili kuikausha, na hapo hiyo shayiri, yaani kimea, inanyonya fenoli, kemikali zinazobeba harufu ya moshi. Sasa fenoli hizo zinapungua makali jinsi miaka inavyokwenda kwenye pipa, ukinywa wiski ya Islay ya miaka 25 unaukuta moshi umelainika sana, umekuwa wa mbali. Ukiitaka ile nguvu yake unaifuata kwenye miaka 5 mpaka 10. Na wiski changa isiyo na moshi mara nyingi inakupa harufu ya nafaka mbichi na hamira, lakini yenye moshi, vitu hivyo vinakaa nyuma ya fenoli na havikusumbui. Ardbeg wenyewe mwaka 2004 walitoa chupa ya wiski waliyoitengeneza 1998 wakaiita Very Young, watu wakaipokea vizuri, na Lagavulin walipotimiza miaka 200 mwaka 2016 walisherehekea kwa chupa ya miaka 8, asilimia 48, haina sheri lakini inakuonyesha moshi mchanga unavyoweza kuwa msafi.

Haya tuje kwenye chupa zako. Mimi naishi Edinburgh na zote nne nimezinywa.

Wee Beastie ina miaka 5, asilimia 47.4, imekaa mapipa ya bourbon, wiski ya Marekani, na ya Oloroso, aina ya sheri kavu. Humu moshi ndiye mwenye nyumba, sheri ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Unapata lami, nyama iliyokaushwa kwa moshi, pilipili manga, limao, halafu nyuma kabisa chokoleti chungu na zabibu kidogo. Ukiinunua ukidhani ni wiski ya sheri hutaielewa, ukiinunua kama wiski ya moshi iliyopakwa sheri kidogo utaipenda mno. Na katika Ardbeg za kila siku ndiyo ya bei rahisi.

Sanaig ndiyo nitakayokutetea mpaka mwisho. Kilchoman wameanza 2005 kwenye shamba la Rockside upande wa magharibi wa Islay, kiwanda kipya cha kwanza kisiwani baada ya zaidi ya miaka 120, yaani hawana hata akiba ya wiski za zamani za kuchanganyia, wamelazimika kuifanya wiski changa iwe nzuri kama ilivyo. Sehemu ya shayiri wanalima wenyewe pale pale, wanaitandaza sakafuni, wanaigeuza kwa mkono mpaka ichipue ndiyo wanaikausha kwa moshi wa mboji, ila kimea kingi wanakichukua Port Ellen hapo hapo kisiwani, kikiwa na fenoli sehemu 50 kwa milioni. Sanaig imelala zaidi kwenye Oloroso kuliko bourbon, asilimia 46. Ukiifungua usiinywe haraka, iache kwenye glasi kama dakika kumi na tano. Mwanzo pua inakupa majivu na limao, ukirudi unakuta tende, ganda la chungwa lililopikwa kwenye sukari, kahawa, na moshi haujaondoka umekaa katikati ya vyote hivyo. Ukishaiweka mdomoni moshi na sheri vinakuja pamoja, huwezi kusema hiki kimeanza hiki kimefuata, na jibu la swali lako la kwanza utalikuta kwenye glasi hiyo.

Toiteach A Dhà ni ya wapole, asilimia 46.3, Bunnahabhain kwa kawaida hawatumii moshi hivyo hii ni upande wao wa pili. Karanga, chumvi, zabibu kavu, moshi mkavu wa kuni. Nzuri tu, ila kwa mtu anayetoka Talisker anataka apande juu, sidhani kama itakushika.

Kaka_wa_Nyali

Asante dada kwa maelezo ila mimi hapo kwa Laphroaig naona umepita mbio sana, hujaisema kabisa. Wacha niisemee.

Laphroaig 10 Sherry Oak ni ile Laphroaig ya kawaida ya bourbon, halafu mwishoni wanaihamishia kwa mapipa ya Oloroso ya mwaloni wa Ulaya kumalizia, asilimia 48. Sasa hiyo asilimia ndio kitu ya kwanza, manake Laphroaig 10 ya kawaida huko Ulaya huwa 40, inatoka imepoa, lakini hii ina mwili. Ile harufu ya Laphroaig unaijua, ya dawa ya kusafisha kidonda, mwani, bandeji mpya, wengi inawatoa mbio. Sheri ikikaa juu yake inageuka inakuwa kama nyama iliyopakwa asali na kuokwa pole pole, ile dawa bado iko lakini sasa ina kitu ya kushikana nayo. Mimi nimewapa watu ambao hawataki kusikia Laphroaig na wakarudisha glasi iongezwe.

Ila kwa swali lako la kwanza Nahodha, moshi na sheri havielewani kila wakati. Kuna shida moja lazima mtu aambiwe mapema, nayo ni salfa. Mapipa ya mvinyo huwa yanafukizwa salfa yasiingie wadudu na ukungu, na pipa likija na mabaki unapata njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, au raba. Kwa wiski isiyo na moshi unaikamata mara moja. Kwa wiski ya moshi inajificha, unasema huu ni moshi tu, hadi chupa ifike nusu ndio unaanza kushuku. Kuna wanaoipenda hiyo kiberiti kidogo na siwalaumu, lakini kama hupendi basi jiepushe na chupa ndogo ndogo za pipa moja zilizolala kwa sheri mwanzo hadi mwisho, shika hizi za kawaida ambazo wanachanganya mapipa mengi, hapo ajali ni chache.

Pia Nahodha, kama shemeji ana roho safi na pesa kidogo zaidi, mwambie Ardbeg Uigeadail. Ilianza 2003, asilimia 54.2, bourbon na sheri, na ndio chupa iliyonifanya niamini kwamba moshi na sheri zinafaa kuoana. Sio changa kama hizi, umri hawaandiki, lakini ukiweka Wee Beastie kando yake unaona mtoto na mzazi wake.

Mlinzi_wa_Ghala

Nimewafuatilia, niongezee kwenye mapipa maana watu wanasema pipa la sheri kama vile ni kitu kimoja.

Zamani sheri ilitoka Jerez kule kusini mwa Hispania ikiwa kwenye mapipa mpaka Uingereza, ikishauzwa mapipa yanabaki hapo hapo, watengeneza wiski wanayachukua kwa bei ya kutupa. Miaka ya 1980 Hispania ikataka sheri ifungwe chupa huko huko kwao, na mapipa ya namna hiyo yakaisha. Siku hizi pipa linatengenezwa kwa oda, linajazwa sheri mwaka mmoja au miwili hivi liloe, kisha linasafirishwa Scotland, na ile sheri iliyotumika kulilowesha mara nyingi inaishia kuwa siki, haiuzwi kama mvinyo. Kwa hiyo unachoonja ni mbao iliyoloa sheri, na mbao yenyewe ina neno kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaloni wa Ulaya una tanini nyingi, unakausha ulimi, unatoa karafuu na kahawa. Mwaloni wa Marekani unatoa vanila na nazi. Pipa la sheri linaweza kuwa la mbao yoyote kati ya hizo.

Halafu ukubwa. Pipa la bourbon ni lita 200 hivi, la sheri lile kubwa ni kama 500. Wiski changa kwenye pipa kubwa la Ulaya kwa miaka mitano inapata rangi na tanini haraka lakini moyo wake bado ni mchanga, ndiyo maana Kilchoman Loch Gorm, ile wanayotoa kila mwaka tangu 2013 ikiwa Oloroso tupu, inagawa watu. Mimi naiona nzito mno kwa anayeanza. Sheri ya Pedro Ximénez nayo ni ya zabibu zilizoanikwa juani, tamu kama asali nyeusi, ikiwekwa kwenye wiski ya moshi changa inaweza kuufunga moshi wote ukabaki unakunywa sharubati. Oloroso ni kavu zaidi, inauacha moshi upumue.

Na tafadhali msiipime sheri kwa rangi. Sheria inaruhusu rangi ya karameli, E150a, Ujerumani wanalazimika kuiandika kwenye chupa lakini Uingereza hapana. Kilchoman na Bunnahabhain hawaiweki. Vilevile ile namba ya fenoli inapimwa kwenye kimea kabla ya kupikwa, siyo kwenye chupa, sehemu kubwa inapotea njiani, kwa hiyo 50 ya huyu na 55 ya Ardbeg haikwambii nani ana moshi zaidi mdomoni.

Nahodha_TMK

Aisee nimepata shule nzuri sana, asanteni. Nimeamua Sanaig ni lazima. Ya pili nimegawanyika kati ya Wee Beastie na hiyo Laphroaig. Dada wa Leith na kaka wa Nyali semeni neno la mwisho, na mnanishauri nizionjeje nikiwa nazo zote mbili, na joto hili la Dar nizitunze vipi?

Kaka_wa_Nyali

Laphroaig unaipata hata siku nyingine kwa maduka ya uwanja wa ndege, lakini kwa kulinganisha chukua Wee Beastie. Iko na sheri kidogo, Sanaig iko na nyingi, zote changa, zote Islay, zote moshi wa kutosha. Tofauti inabaki pipa. Laphroaig ingekuchanganya kwa vile ile harufu yake ya dawa ni yake peke yake.

Binti_wa_Leith

Hapo naungana na kaka mia kwa mia. Anza na Wee Beastie ndipo ufuate Sanaig, ukianza na sheri nyingi ile ya kwanza itaonekana chungu na nyembamba bila kosa lake. Glasi yenye mdomo mwembamba, kipimo kidogo, onja kavu kwanza. Kisha tone tone la maji kwa kijiko. Ikianza kufanya ukungu kwenye glasi usishtuke, hazijachujwa kwa baridi, mafuta yake yako humo bado na ndiyo yanayobeba ladha. Wee Beastie inapenda maji zaidi, limao linafunguka na ule ukali wa uchanga unatulia. Sanaig ukizidisha maji zabibu zinakimbia unabaki na majivu. Barafu hapana kwa siku ya kwanza, na siku hiyo usiwe umekula pilau la viungo vingi.

Kuzitunza, simamisha chupa, usiilaze kama mvinyo maana kilevi kinakula kizibo. Kabatini mbali na jua na mbali na jiko. Ikishuka chini ya robo imalize ndani ya miezi michache, hewa ikizidi moshi ndiyo unaoanza kufifia.

Halafu mwambie shemeji kitu kimoja kabla hajalipa. Forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu msafiri lita 1 tu ya pombe kali bila ushuru, na chupa mbili za mililita 700 ni lita 1.4. Kama anasafiri na mwenzake mtu mzima kila mmoja abebe yake, kama yuko peke yake azitaje tu pale forodhani alipie ile inayozidi. Na aziweke kwenye begi kubwa analokabidhi uwanjani, siyo la mkononi, kila moja ndani ya soksi nene, katikati ya nguo.