MREJESHO: Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaoisha mapema

Ahsanteni nyote mlionijibu nilipouliza mbona mtungi wangu wa kilo 6 hapa Malindi unaisha kabla mwezi haujakatika. Wengi mlisema: upime. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Ukiutoa huo, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia.

Basi nilipobadilisha tena, kabla sijaufungua, nikaupitisha kwa muuza samaki jirani aniazime mizani (alinicheka, lakini aliifuta magamba). Gesi ilikuwa kilo 4 na ushei. Nikarudi dukani bila kelele, nikamwomba mwenye duka apime mwenyewe mbele ya wateja. Akalaumu depo anakochukua mitungi, kisha akanipa mwingine. Huo ulitimia.

Mimi naona depo ni kisingizio tu. Sukari unapimiwa, gesi iwe siri kwa nini? Hata Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Nimeshahamia duka lenye mizani mlangoni. Bei yao imezidi kwa shilingi 50, na bodaboda najilipia.