Mafundi redio, acheni kuzika waya wa spidi nyuma ya dashibodi!

Wakuu, nina hasira, na uzi utakuwa mrefu. Mtanivumilia.

Kazi yangu ni kupeleka mizigo ya wateja Kariakoo na Posta. Nilinunua redio yenye ramani kwa ajili ya kazi hiyo, na nilichagua kwa makusudi ile yenye jairoskopu ndani (sensa inayohisi gari likikata kona) na waya wa kupokea mapigo ya spidi, yaani umeme unaopigapiga kadiri tairi linavyozunguka, kutoka kwenye gari. Zile za bei ya chee zenye antena ya GPS peke yake nilizikwepa. Nikapeleka gari, Toyota ya kawaida kabisa, kwenye duka linalosifiwa mjini. Nikalipa bei ya kufunga "kila kitu". Neno hilo liko mpaka kwenye risiti.

Kilichofungwa ni nusu. Naingia Kariakoo, mshale wa ramani unaruka kama vile sina redio mpya. Niko Mtaa wa Kongo, ramani inaniweka Sikukuu na kuniamuru nigeuze. Jioni kwenye foleni chini ya daraja la Kijazi pale Ubungo, gari limesimama tuli, mshale unatangatanga barabarani wenyewe. Nikafungua ukurasa wa hali ya sensa kwenye redio ile ile. Nikiwa Morogoro Road, mshale wa spidi kwenye dashibodi unasoma 60, mstari wa mapigo ya spidi kwenye redio umeandika 0. Kwa redio hiyo, gari langu halijawahi kutembea hata hatua moja tangu redio ifungwe.

Tukaitoa redio. Waya wa pinki, ambao kwenye redio nyingi za Kijapani ndio wa spidi, ulikuwa umekunjwa na kufungwa tepu nyeusi, haujaunganishwa popote. Waya wa kijani mpauko wa handibreki umepigwa moja kwa moja kwenye bodi ya gari.

Wanaojua wameshaelewa. Kwa wasiojua: redio nyingi za aina hii huzima video gari likianza kutembea, na hujua gari linatembea kwa handibreki na kwa waya wa spidi. Fundi anataka mteja aondoke dukani video inacheza barabarani, kwa sababu hicho ndicho wateja wengi wanauliza. Kwa hiyo waya wa handibreki anaugusisha bodi ili redio idhani handibreki imevutwa muda wote, na waya wa spidi anauzika. Mimi sikuomba video! Niliomba ramani. Nilipompigia akaniambia, "Bosi, huo waya hauna kazi, sisi huwa hatuufungi."

Hauna kazi?

Kaka, setelaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu yetu. Mawimbi yakifika yamechoka, na katikati ya maghorofa yanagonga ukuta wa huku na wa kule kabla ya kuifikia antena. Redio inakokotoa umbali wa uongo na kukutupa mtaa wa jirani. Hapo ndipo waya wa spidi unafanya kazi yake. Jairoskopu inajua umekata kona kiasi gani, mapigo ya spidi yanajua umesogea umbali gani, na redio inaunganisha hivyo viwili hadi anga ifunguke tena. Gari likisimama, mapigo yanakoma, na mshale unatulia hapo hapo. Spidomita za kiwango cha Kijapani zimehesabiwa mizunguko 637 ya kebo ya spidomita kwa kilomita. Ukiwa na mapigo 4 kwa mzunguko unapata 2,548 kwa kilomita, maana yake pigo moja kila sentimita 39 hivi. Usahihi huo upo tayari ndani ya gari, nimeshaulipia nilipolinunua, halafu mtu anaufungia tepu.

Sehemu ya pili ndiyo inayonichemsha damu zaidi. Nikaenda kwa fundi mwingine, nikamweleza nataka waya wa spidi tu. Akasema anaujua. Nilisimama pembeni nikamwona akiuma ganda la waya kwa meno, akalivuta, akasokota na kuzungushia tepu. Hakuchomelea kwa risasi, hakuweka kiunganishi. Kutafuta waya alitumia testa ya taa. Testa ya taa kwenye waya wa ishara! Taa inanyonya umeme, na waya huo haujatengenezwa kuwasha taa. Kisha akauunga waya wa redio kwenye waya unaotoka moja kwa moja kwenye sensa ya tairi.

Kesho yake taa ya ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ikawaka na mshale wa spidi ukawa unacheza.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, sensa za matairi zinapeleka ishara kwenye kompyuta ya ABS. ABS inaipa dashibodi, na dashibodi ndiyo inayogawa mapigo yaliyosafishwa kwa wengine: injini, usukani wa umeme, redio. Waya wa redio unaungwa baada ya dashibodi, na mara nyingi tayari umeshafika kwenye soketi nyuma ya redio. Ukienda kuchokonoa kwenye sensa ya tairi unagusa breki za mtu. Ukiufanya waya wa mapigo uguse bodi, unaweza kuua spidomita na kuwasha taa ya injini kwa kodi P0500 (hitilafu ya sensa ya spidi), halafu mwenye gari ataambiwa giaboksi imeharibika. Nani atalipa hapo?

Kazi yenyewe si ngumu, ndiyo maana nakasirika. Tafuta mchoro wa soketi wa modeli husika. Piga jaki tairi linaloendeshwa na injini na uweke kigingi kwa usalama. Washa swichi bila injini, weka gia huru, zungusha tairi taratibu kwa mkono huku multimita (kipima umeme chenye namba) iko kwenye waya. Namba ikipanda na kushuka kila tairi linapozunguka, ndio huo. Choma risasi, funika vizuri, rudisha redio, fungua ukurasa wa sensa umwonyeshe mteja mapigo yanahesabika. Kisha mwambie aendeshe kwenye barabara iliyo wazi ili redio ijifunze, na akibadili saizi ya matairi afute ilichojifunza ianze upya.

Na tafadhali msije kuniambia nichomeke kile kidude cha OBD, kile cha kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari. Kile kinatoa spidi kwa namba kamili za kilomita kwa saa, tena kikiulizwa. Na redio yangu inasubiri mapigo kwenye waya, haijui kuongea na hicho kidude.

Wa "tumia simu tu, mkuu" nawajibu mapema pia: simu iliyoegeshwa kwenye kioo inategemea setelaiti zile zile, na Kariakoo inapotea kama redio yangu inavyopotea sasa.

Wiki hii narudi duka la kwanza na risiti yangu. Nataka pinki iunganishwe mbele yangu, multimita ikiwa mezani, na handibreki irudishwe kwenye waya wake halali. Wakikataa nataka hela ya ufundi yote. Fundi wa pili ameshaambiwa atoe alichounga na taa ya ABS izime kwa gharama yake.

Kama kuna mdau hapa Dar ambaye redio yake inahesabu mapigo, weka picha ya huo ukurasa wa sensa na useme gari lako ni modeli gani. Na mafundi mliomo humu mnaofunga redio bila pinki, njooni mseme hadharani kwa nini mnamtoza mteja bei ya kazi kamili.