Leseni ya kuendesha boti mitoni Ufaransa, naanzia wapi?

Mwana_Tanga: Wakuu habari zenu, niko Lyon, nimepata boti ya mtumba ina mashine ya HP 40, nataka wikiendi niwe nazunguka na familia mto Saône. Vyombo nimekulia navyo Tanga ila karatasi sina. Leseni ya pwani inafaa huku mtoni au ni nyingine? Na mtihani ukoje?

Fundi wa Gati: Ni mbili tofauti mkuu. Wewe chukua ya eaux intérieures, yaani mito, maziwa na mifereji. Mashine ikizidi HP 6 lazima uwe nayo, na inaishia boti za chini ya mita 20, zaidi ya hapo kuna nyingine ya juu yake. Unajiandikisha bateau-école, yaani shule ya kuendesha boti, daktari anakupa cheti, halafu nadharia maswali 40 ya kuchagua jibu, ukikosa zaidi ya 5 umefeli. Vitendo havina mtihani, mwalimu ndo anakusainia, mafunzo yasipungue saa tatu na nusu na mbili kati ya hizo usukani uwe mkononi mwako.

papa_wa_bukavu: Ndugu, hiyo nadharia isome kweli hata kama bahari unaijua, sheria za mto zina mambo yake. Kulia na kushoto kwa mto kunahesabiwa ukiangalia maji yanakoelekea, kwa hiyo ukishuka maboya mekundu yako kulia kwako, ukipanda yanakuwa kushoto. Honi moja fupi nageukia kulia, mbili kushoto, tatu narudi nyuma. Na Saône ina meli za mizigo, ukiona imetoa ubao wa bluu na taa nyeupe inamwekamweka ujue inataka mpishane kulia kwa kulia, usibishane nayo, ile haisimami ghafla.

Dada Zuu: Wakati unasubiri leseni kodisha boti Canal du Midi, ule mfereji wa kusini mwa Ufaransa, zile za kukodi hazitaki leseni, wenyewe wanakuelekeza kabla hujaondoka na wanakupa kadi ya muda. Utajifunza ekluzi vizuri, yaani vyumba vya maji vyenye malango vya kupandisha na kushusha boti, pale Béziers zimepangana kama ngazi. Ila tafadhali, maji yakiwa yanashuka kamba usiifunge kabisa, izungushe tu kwenye nguzo uwe unailegeza taratibu, ukiikaza boti inabaki inaning'inia ukutani na watoto ndani.

Mwana_Tanga: Asanteni sana, Jumatatu naenda kwa daktari. Je nadharia naweza kufanya kwa Kiingereza?

Fundi wa Gati: Jiandae kwa Kifaransa tu mkuu, anza na majina ya alama.